Usimwachie Mteja Achague

Wanangu mnaoandika programu pale Namuwongo, Kampala, kati ya reli ya Port Bell na kilima cha Muyenga, kazi zenu nimeziona. Nimeona mfumo wa chama cha kuweka na kukopa unaoonyesha kila mwanachama ameweka shilingi ngapi. Nimeona wa zahanati unaowakumbusha wajawazito siku ya kurudi kliniki, na wa mwenye nyumba anayefuatilia kodi ya vyumba vyake vya kupangisha. Ni kazi za maana, na sikuja kuwavunja moyo. Nimekuja na swali moja.

Nikiwauliza taarifa za watu hawa zinasafiri vipi kutoka kwenye simu hadi kwenye seva, mnanijibu haraka, "Mzee, HTTPS tumeweka." Sawa. Ila sikuuliza kama mmeweka. Nauliza kama mtu anaweza kuingia bila kuipitia. Niliandika anwani ya mfumo wa mmoja wenu nikiacha ile S, ukurasa ukafunguka kama kawaida, fomu ya nenosiri ikawa inanisubiri. Basi hapo hakuna kilichowekwa.

Mnajua nauli inavyolipwa kwenye teksi zetu. Aliyekaa nyuma kabisa anatoa noti, inapita mkono hadi mkono mpaka imfikie kondakta, na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo. Kila aliyeishika ameona ni ya elfu tano au ya elfu ishirini. Data isiyosimbwa husafiri hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba abiria wa intaneti hamwajui, hamwaoni, na wao wanaweza hata kuibadilisha noti ikiwa mikononi mwao.

Hebu wahesabuni abiria hao. Mama anayeuza samaki karibu na reli anafungua mfumo wenu kwa waifai ya duka la jirani, ile inayouzwa kwa vocha za siku. Ruta ya kwanza ni ya kijana wa duka, ambaye huenda ni mtu mwema, na huenda pia hajawahi kubadilisha nenosiri lililokuja na ruta yenyewe. Kutoka hapo ni kampuni inayomuuzia kijana huyo intaneti. Kama seva yenu iko Kampala na kampuni zote mbili zimeunganishwa UIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano kilichopo tangu 2001, safari inaishia mjini. Lakini wengi wenu mmekodi seva Ulaya kwa sababu ni rahisi, na nchi yetu haina bahari. Salio la mama yule litavuka mpaka kuingia Kenya, litateremka hadi Mombasa na kuzama kwenye mikongo ya baharini, labda SEACOM iliyowashwa 2009 au EASSy ya 2010, kabla ya kuibukia kwa wenyewe. Mitambo yote ya njiani inaweza kusoma kisichosimbwa.

Juu ya hayo kuna jambo letu wenyewe, la Uganda. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, ile tuliyoiita OTT, na watu wakakimbilia VPN. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa, pakaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Lakini Januari ya mwaka huo huo, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na iliporudi Facebook haikurudi nayo. Miaka ikapita ikiwa bado imefungwa. Kwa hiyo VPN zikabaki kwenye simu, nyingi zikiwa za bure, za kampuni ambazo hakuna anayejua ofisi zake ziko wapi wala zinakula nini. Mtu anaiwasha asubuhi ili aone picha za ndugu zake, anaisahau, na mchana anaingia kwenye mfumo wenu wa chama. Mwenye VPN anasimama katikati, na kila kilichoandikwa wazi kinapita mbele ya macho yake. Nimewahi kusikia kijana akisema hatari ya kusikilizwa njiani ni habari za sinema. Kwa mtumiaji wa Kampala, mtu wa katikati yupo kila siku, na mtumiaji mwenyewe ndiye aliyemwalika bila kujua.

Sasa nisikilizeni kuhusu wakubwa waliotutangulia, maana nao walipita mahali mlipo.

Zamani tovuti nyingi zilisimba ukurasa wa kuingilia tu. Ukishatoa nenosiri, zinakurudisha kwenye njia ya wazi, na ile kuki inayosema "huyu ni fulani, ameshaingia" inaenda na kurudi bila kufunikwa. Oktoba 2010 Mmarekani Eric Butler alitoa kiongezi cha Firefox kilichoitwa Firesheep. Ukiwa kwenye waifai ya wazi ya mkahawa, kilikuletea orodha ya watu waliokaa humo humo, ukibonyeza jina unaingia kwenye akaunti ya mwenyewe. Hapakuhitajika ujuzi. Udhaifu ule wataalamu walikuwa wameujua miaka mingi, ila sasa hata mtoto wa sekondari aliweza kuutumia.

Miezi michache baadaye ikaja Tunisia. Wakati wananchi wamejaa mitaani dhidi ya rais wao, Ben Ali, Facebook iligundua kwamba manenosiri ya Watunisia yanachotwa kwa wingi. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa unapakiwa kwa njia ya wazi, na huko njiani, kwenye kampuni za intaneti za nchi hiyo, ulikuwa unapachikwa vijistari vichache vya msimbo vinavyonakili kila kinachoandikwa. Hatua moja waliyoichukua wahandisi wa Facebook ni kulazimisha maombi yote kutoka Tunisia yapite HTTPS. Hawakuwaandikia Watunisia tangazo la kuwaomba wafungue mipangilio na kuwasha kitu. Waliwafungia njia ya wazi, basi. Kwa dunia iliyobaki, mwezi huo huo wa Januari 2011, kampuni ile ile iliiweka HTTPS kama jambo la kuchagua, na ilifika 2013 ndipo ikawa ya wote. Hapo kati ni miaka miwili ya kumwachia mteja achague, na mteja, kama mnavyowajua wateja, hakuchagua chochote.

Ndiyo maana nasema mzigo huu ni wenu. Mama wa samaki hajui S ni nini, na hana sababu ya kujua. Anayejua ndiye anayepaswa kuondoa njia mbaya, asiiache kando akitumaini kwamba hakuna atakayeipita.

Wengi wenu mkishaelewa hilo mnaweka uelekezaji: anayekuja porti ya 80 anapewa 301 na kupelekwa 443. Ni mwanzo mzuri, lakini ombi la kwanza kabisa limeshatoka wazi. Mwaka 2009 mtafiti wa usalama Moxie Marlinspike alionyesha kwa chombo chake, sslstrip, kwamba mtu wa katikati anaweza kulikamata ombi hilo, akaongea HTTPS na seva na kuongea HTTP na mteja, na wote wawili wakaona mambo ni shwari. Dawa yake ni heda iitwayo Strict-Transport-Security, HSTS kwa kifupi, iliyopewa kanuni rasmi Novemba 2012. Seva inakiambia kivinjari: kwa muda wa sekunde hizi, usije kwangu tena kwa njia ya wazi hata mtu akiandika hivyo. Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Cheti kikiwa na kasoro, kwa tovuti yenye HSTS kivinjari hakimpi mtumiaji kile kitufe cha kuendelea tu. Na wateja wetu wamezoea sana kukibonyeza, kwa sababu kurasa za kuuzia vocha za waifai zimewafundisha kwamba onyo jekundu ni usumbufu wa kupita.

Lakini heda hii haina huruma, kwa hiyo ianzeni taratibu. Wekeni sekunde 300 kwanza. Tulieni, muone nini kinavunjika. Pandeni hadi wiki, hadi mwezi, kisha mwaka mzima, sekunde 31,536,000. Kabla ya kuongeza includeSubDomains ulizeni kama kuna kikoa kidogo mlichokisahau, ile ripoti ya zamani inayoendeshwa na kompyuta chini ya meza ya katibu, kwa sababu itazimika siku hiyo hiyo. Na orodha ya preload, ambayo huingizwa ndani ya vivinjari vyenyewe ili hata ombi la kwanza lisitoke wazi, msiiguse mpaka mmekaa na mwaka mzima bila tatizo. Kuingia ni fomu moja. Kutoka ni miezi.

API ni habari nyingine kabisa. Huko msielekeze. Programu ya simu ikituma tokeni yake kwa njia ya wazi, tokeni imeshavuja kabla ya jibu lenu kufika. Mkiielekeza kwa upole itafanya kazi kila siku, na hakuna atakayegundua kwamba inavuja kila siku. Ikatalieni. Irudishieni kosa, ivunjike mikononi mwa mwandishi wake siku ya kwanza, airekebishe.

Kuki ziwe na Secure na HttpOnly, na SameSite ifikiriwe. Picha na skripti zinazoitwa kwa http:// ndani ya kurasa zenu mtazikuta zimelala kwenye hifadhidata, kwenye matangazo ya chama yaliyoandikwa miaka ya nyuma. Zisafisheni huko huko. Na kama mbele ya programu yenu kuna Nginx au huduma ya wingu inayopokea HTTPS na kuipitisha ndani kwa HTTP, programu itadhani kila mtu amekuja wazi na itamzungusha bila mwisho. Katika hali hiyo wengi huzima ulazimishaji wote ili ukurasa ufunguke. Suala zima ni heda moja, X-Forwarded-Proto, na kuiambia Django au Laravel iiamini kutoka kwa mtambo huo peke yake. Nimeyapita haya haraka kwa sababu nyaraka zake zipo na ninyi ni wasomaji.

Nataka nikae zaidi kwenye sehemu ya ndani, maana hapo ndipo vijana wanapumua wakidhani wamefika. Mwaka 2013, katika nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, ulitoka mchoro wa mkono wa shirika la kijasusi la Marekani, NSA. Ulionyesha mahali ambapo usimbaji wa Google unavuliwa, na pembeni mtu alichora uso unaotabasamu. Wateja walikuwa wanafika Google kwa HTTPS, lakini kati ya kituo kimoja cha data na kingine, kwenye nyaya walizoziona ni za nyumbani, data ilikuwa inatembea wazi. Google wakaharakisha kusimba na huko. Ninyi hamna vituo vya data, lakini mna programu kwenye seva moja na hifadhidata kwenye nyingine, wakati mwingine za kampuni mbili, na katikati ni intaneti ile ile.

Fungueni mipangilio ya PostgreSQL muangalie sslmode. Msipoandika kitu, mteja wake hutumia prefer: hujaribu kusimba, na ikishindikana huendelea wazi bila kusema neno. Anayetaka kuwasikiliza anachohitaji ni kuhakikisha inashindikana. Mkiweka require, itasimba, lakini haitahakiki anayeongea naye ni nani. Mnachokitaka ni verify-full, inayodai usimbaji, cheti halali na jina linalolingana. Ni neno moja kwenye faili moja, na nimeona mifumo yenye fedha za watu ikikaa miaka bila neno hilo.

Upande wa simu kuna tabia inayonikera kuliko zote. Tangu toleo la 9, la mwaka 2018, Android yenyewe inazuia programu mpya kutuma kitu kwa njia ya wazi. Kijana anakutana na kosa hilo saa sita za usiku, anatafuta jibu, anabandika usesCleartextTraffic="true", kosa linanyamaza, analala. Mwingine cheti cha seva ya majaribio kinamsumbua, anaandika verify=False kwenye Python, au anaunda kile kipande cha Java kinachokubali cheti cha mtu yeyote duniani, na kipande hicho kinasafiri hadi kwa wateja. Kusimba bila kuhakiki unayeongea naye ni kumnong'oneza siri zako mtu usiyemjua gizani. Kwenye majaribio tengenezeni cheti chenu na muiambie mashine ikiamini. Ni kazi ya nusu saa.

Nisiwafiche upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2018, Eric Meyer, Mmarekani anayeheshimika sana kwa maandishi yake juu ya CSS, alikuja kufundisha kwenye shule ya kijijini hapa Uganda. Intaneti ya huko ilikuwa ya setilaiti, nzito na ya kupimwa. Zamani shule kama hiyo iliweka mtambo wa kuhifadhi nakala za kurasa: mwanafunzi wa kwanza akifungua makala, wengine wanaipata hapo hapo bila kwenda angani tena. HTTPS iliua mpango huo, kwa sababu mtambo wa katikati hauwezi kuhifadhi kisichosomeka, na wavuti uliolindwa kwa ajili ya wote ukawa mgumu zaidi kwa walio mbali. Aliyoyaandika ni kweli na msiyadharau. Mimi ningemjibu hivi: TLS 1.3, iliyotoka Agosti ya mwaka huo, imepunguza salamu za mwanzo kutoka mizunguko miwili hadi mmoja. Kivinjari chenyewe kinaweza kuhifadhi kurasa zenu kwenye simu mkikiandikia service worker. Na kama ni masomo ya shule, wekeni nakala kamili pale pale shuleni, kwa makusudi. Lakini jibu kubwa zaidi ni kupunguza uzito wa kurasa. Mwanafunzi au muuza samaki anayenunua bando la siku hasumbuliwi na usimbaji kama anavyosumbuliwa na megabaiti nne za picha mlizoweka ili ukurasa wa kwanza upendeze.

Halafu kuna simu kuukuu. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kilichobeba vyeti vya mtoaji Let's Encrypt kiliisha muda, na Android za chini ya 7.1.1 hazikuwa na mzizi wao mpya. Ulifanyika mpango uliozibeba hadi 2024, kisha ukaisha. Namuwongo simu hizo bado zinauzwa na kununuliwa. Mteja mwenye simu hiyo atakuja na onyo, na mtashawishika kumfungulia njia ya wazi "kwa muda". Msifanye hivyo. Tafuteni cheti kutoka kwa mtoaji ambaye mzizi wake ni wa zamani zaidi. Na kabla ya hilo angalieni tarehe ya simu. Betri ikitolewa simu nyingine hurudi miaka nyuma, na kwa simu inayodhani ni 2012 cheti chenu bado hakijaanza kutumika. Malalamiko mengi ya "mtandao wenu umekataa" yanaishia hapo.

Vyeti navyo msivifanyie kazi kwa mkono. Tangu Desemba 2015 Let's Encrypt inavitoa bure kwa kila mtu, hivyo gharama si kisingizio tena, lakini haviishi zaidi ya siku 90, na tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Watoaji na watengenezaji wa vivinjari wamekubaliana pia kwamba kufikia Machi 2029 cheti chochote cha wavuti kisizidi siku 47. Mwenye kutegemea kalenda ya ukutani atazimika Jumapili, chama kikiwa kwenye kikao. Wekeni mtambo uhuishe wenyewe, na mtambo wa pili uangalie kama wa kwanza umefanya hivyo.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ni ya 2019, na kuna ofisi inayoisimamia. Inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa, na mahakama inaweza kuitoza kampuni iliyokosa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Zahanati ikiulizwa, nayo itawauliza ninyi mlioijengea mfumo.

Wiki hii fanyeni jambo moja. Ingieni kwenye seva, mfungue logi za porti 80, muorodheshe nani bado anakuja kwa njia hiyo. Wengi watakuwa roboti wanaopapasa dunia nzima, hao waacheni. Lakini katikati yao mtakuta anwani chache zinazorudi kila siku saa zile zile: programu ya simu ya toleo la kale, skripti ya malipo iliyoandikwa na mtu aliyekwishaondoka, kiungo cha zamani kilichobandikwa kwenye kundi la WhatsApp la chama. Mfuateni kila mmoja kwa jina, mumhamishe. Logi ikibaki na roboti peke yao, njooni tuongee juu ya zile sekunde 300.